Mama Mdogo na Jina la Marehemu

Wengi wenu mmefika mara nyingi kwenye biro ya komini. Mlikwenda kuandikisha mtoto aliyezaliwa, au kutafuta hati ya kushuhudia kwamba kitambulisho chenu kimepotea, au kulipa kodi ya meza ya sokoni. Mwamjua plantoni anayekaa mlangoni, mwamjua burgumestri anayepita na gari lake. Lakini nyuma kabisa, mwisho wa baraza, kuna chumba kidogo ambacho wageni hawafiki. Humo hutunzwa majina ya wafanyakazi wenyewe: nani aliingia kazini mwaka gani, ana daraja gani, ana watoto wangapi, nani ni mgonjwa, nani amekufa.

Hapa Lubumbashi, katika komini moja ambayo sitaitaja, chumba hicho kiliongozwa miaka 25 na mama mmoja. Ni mdogo wa mama yangu mzazi, basi kwetu ni mama yangu vilevile, nami namwita Mama mdogo. Nataka kuwaelezea kazi yake. Itanilazimu kueleza na aibu yangu mwenyewe, maana siwezi kusimulia ya kwanza nikaficha ya pili.

Mama mdogo alizaliwa mwaka 1959. Miaka miwili tu kabla, katika Desemba 1957, watu weusi wa mji huu, ulipokuwa ungali ukiitwa Elisabethville, walipiga kura mara ya kwanza kwa ajili ya komini zao. Waliopiga ni wanaume peke yao. Babu yangu alikuwa mmoja wao, na alipenda kusimulia jinsi alivyovaa viatu siku ile. Mwaka 1966 redio ilitangaza kwamba Sophie Kanza amewekwa kuwa waziri, mwanamke wa kwanza wa Kongo kupata cheo hicho. Babu alikaa kimya, kisha akamtazama binti yake wa mwisho akasema, «Basi huyu naye asome.» Hakusema neno jingine, lakini alilipa karo mpaka mwisho. Mama yangu mzazi, aliye mkubwa, alikuwa amekwisha kutolewa shule ili asaidie nyumbani. Jambo hili mlikumbuke, litarudi.

Mwaka 1984 Mama mdogo akaingia kazi ya Leta, karani wa daraja la chini. Dosye yake mwenyewe ilianza na karatasi saba. Karatasi ya saba ilikuwa barua ya mume wake. Sheria ya wafanyakazi wa Leta ya mwaka 1981 ilidai kwamba mwanamke aliyeolewa alete ruhusa ya mume wake kabla ya kupokelewa kazini. Kisha ikaja Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987, ikasema neno lile lile kwa kazi zote, na ikampa mume haki ya kuifuta ruhusa yake wakati wowote. Ilibaki hivyo mpaka Julai 2016, sheria mpya ilipoliondoa jambo lile. Hesabuni wenyewe: miaka 32 mwanamke huyu alifanya kazi, na msingi wa kazi yake ulikuwa karatasi ambayo mtu mwingine aliweza kuirarua asubuhi moja akiwa na hasira.

Mume wake hakuwa mtu mbaya. Namsifu, maana alinifundisha kupanda baiskeli. Lakini mwaka 1999, Mama mdogo alipowekwa kuwa mkuu wa biro ya wafanyakazi, mwenye kuwaonya wanaume wazima na kuandika makosa yao, wale wanaume walimwendea mume wake kwenye pombe wakamcheka. Walimwuliza kama nyumbani pia anaandikiwa barua ya onyo. Akarudi usiku akasema, «Nitaandika karatasi nyingine, kufuta ile ya kwanza.» Mama mdogo akamletea kalamu na karatasi, akaviweka mezani mbele yake, akaenda kulala. Asubuhi karatasi ilikuwa pale pale, nyeupe. Hakuirudia tena habari ile. Mimi naamini, lakini haya ni mawazo yangu tu, kwamba alihesabu usiku ule ni nani anayelisha nyumba.

Nimeruka miaka mingi, nirudi kidogo nyuma. Mwaka 1991 palikuwa na uporaji. Askari walianza, watu wakafuata, na maduka ya mji yakabaki matupu. Mama mdogo alisikia kwamba wanavunja hata mabiro ili kuchukua viti na mabati. Alipita njia ya nyuma na beseni kichwani, akatia ndani vile vitabu viwili vikubwa vya majina ya wafanyakazi, akavifunika kwa sombe, akarudi nyumbani kati ya watu waliobeba friji na magodoro. Hakuna aliyemtazama mama mwenye sombe. Vitabu vile vilikaa chini ya kitanda chake miezi minne. Feza ya wakati ule ilikuwa haina maana tena. Mwaka 1993 noti mpya zilipokuja, zaire mpya moja ilibadilishwa kwa milioni 3 za zamani. Wafanyakazi wengi waliacha kufika kazini, wakaenda kulima au kuuza makala. Yeye alikwenda kila siku. Nilipomwuliza sababu, hakunipa jibu zuri la kuandika hapa. Alisema, «Nilizoea.»

Asiyejua namna za wafanyakazi wa komini hataelewa yanayofuata. Wako wenye namba ya matrikule ambao mshahara wao watoka Kinshasa. Wako wengine walioandikwa kwa barua halali, lakini majina yao hayajaingia katika orodha ya malipo. Hao huitwa nuvel inite, na wengine wamekuwa «wapya» miaka kumi, wakipokea vizawadi tu vya mara moja moja. Tena wako wale walioajiriwa na komini yenyewe, wanaolipwa kwa kodi ya soko ikiwa soko limeenda vizuri. Wote wakaa chumba kimoja, meza moja. Mmoja ana mshahara, jirani yake hana, na wote wawili wamwamkia mkuu mmoja. Sheria ya Oktoba 2008 yasema komini ina mali yake na utawala wake, na kwamba asilimia 40 ya feza iliyo haki ya jimbo igawiwe miji, komini, sekta na sheferi. Mama mdogo aliijua namba hiyo kwa moyo. Alikuwa akisema ameisoma mara nyingi, kuiona bado.

Kazi ya mkuu kama huyo ni kuwaweka watu wale pamoja bila kugombana, na hana feza ya kuwatuliza. Alikuwa na nini basi? Alikuwa na karatasi zake na haki. Wale wasiolipwa aliwapanga kwa zamu, ili kila mmoja apate siku za kukusanya kodi sokoni, mahali penye chochote, wala mtu asikae pale daima. Zamu hiyo ilibandikwa ukutani, kila mtu aione. Ilileta kelele ya wiki mbili, kisha kimya.

Tena kila burgumestri mpya alikuja na watu wake. Hii ndiyo desturi, sote twaijua. Mkubwa aliwekwa kwa barua ya Kinshasa siku ya Jumatatu, na Alhamisi mpwa wake alikuwa mlangoni akitafuta kiti. Mama mdogo hakubishana na wakubwa. Alisimama, akasema kwa adabu yote, «Ndiyo, mkubwa. Niandikieni amri kwa mkono wenu, mtie sahihi, nami nitaiweka katika dosye yake.» Aliniambia kwamba katika wakubwa tisa aliotumikia, watatu tu waliandika. Wengine walisema watarudi kesho.

Msidhani kwamba hakukosa kamwe. Katika miaka ya kwanza ya ukuu wake, mtu mmoja wa kusafisha mifereji alikufa. Akamfuta. Kumbe walikuwako wawili wenye jina moja, na yeye alimfuta aliye hai. Mtu yule alikaa miezi minane bila mshahara, akahama nyumba, akawatoa watoto wawili shuleni. Kosa lilipogunduliwa, Mama mdogo alikwenda kwake kwa miguu na mfuko wa unga, akapiga magoti mlangoni mbele ya mke na watoto. Yule mtu aliupokea unga, lakini hakumwambia ainuke, aliinuka mwenyewe. Tangu siku ile, kabla ya kuandika jina la mtu yeyote, huuliza jina la baba yake, la mama yake, na la kijiji chake, hata kama mtu yule amefanya naye kazi miaka kumi. Watu walimcheka kwa sababu hiyo. Hawakujua habari ya unga.

Sasa nifike kwangu.

Mwaka 2014 nilitoka seminari. Nilikuwa nimemaliza masomo ya filosofia, wakubwa wetu wakaniona sifai kuendelea, nami moyoni nilijua wamesema kweli. Lakini kurudi nyumbani na sanduku, mama yako akiwa ameuza makala miaka saba kulipa masomo yako, ni jambo gumu. Nilikaa uani kwetu nikitazama kuku. Ndipo karani mmoja wa komini ile ile aliponiita pembeni. Alisema kuna plantoni amekufa mwezi wa Februari, ana matrikule, na mshahara wake ungali ukija benki kila mwezi, maana tangu mwaka 2011 Leta ilianza kulipa watu wake kwa njia ya benki. Nilitakiwa nipate hati ya kupoteza kitambulisho kwa jina la yule plantoni, nipewe kadi mpya yenye picha yangu, nami ningekuwa yeye. Nusu ya mshahara yangu, nusu yake na wenzake. Kilichokosekana ni mkuu wa biro kunyamaza. «Naye ni mama yako,» akasema.

Nilimweleza mama yangu. Mama hakuuliza kama ni dhambi. Aliuliza ni feza ngapi. Msimhukumu. Yeye ndiye aliyetolewa shule ili mdogo wake aende, naye alingojea miaka arobaini mti ule uzae. Katika jamaa zetu, mmoja akipata kiti, wote huhesabu kwamba wamekaa. Mama akajifunga kitenge kizuri, tukaenda wote wawili jioni.

Tulimkuta Mama mdogo akichambua maharagwe katika ungo. Mama akasema yote, kwa upole kwanza, kisha kwa machozi, akikumbusha mambo ya shule na ya babu. Mimi nilitazama chini. Mama mdogo aliendelea kutoa mawe katika maharagwe. Mwishoni hakumjibu dada yake, alinigeukia mimi.

«Mwanangu, huyu mtu ana mke. Umemwuliza?»

Sikujua kama marehemu alikuwa na mke. Nilikuwa nimesoma filosofia miaka mitatu, ninajua kugawanya mema na mabaya kwa Kilatini, wala sikuwa nimeuliza hata mtu yule alikufa kwa ugonjwa gani.

Alitupa chakula, tukakataa kula. Mama aliondoka bila kuaga. Kutoka siku ile mpaka Paska ya mwaka 2016 hawakusemezana, mtu na mdogo wake waliozaliwa tumbo moja. Nami nilipokutana na Mama mdogo baada ya Misa, nilipita mlango mwingine. Nilisema kwa watu kwamba ana roho ya jiwe, kwamba anapenda karatasi kuliko damu yake. Wengine walinikubali, na hilo lilinifurahisha.

Baadaye Padri wetu alinipa kazi ya kufundisha wakatekumeni, na mafunzo ya seminari yakapata matumizi yake. Mwaka 2018 mama mmoja wa jumuiya yetu ya mtaa, mjane anayeuza samaki wakavu, aliniletea barua ya Kifaransa ili nimsomee. Ilikuwa habari ya haki zake za ujane. Walimtaka alete barua ya kuajiriwa ya mume wake, hati ya ndoa, hati ya kifo, hati za kuzaliwa za watoto, na ushuhuda kwamba marehemu aliondolewa katika orodha ya malipo. Akaniambia, «Mwalimu, nisindikize komini, mimi huko sijui kusema.» Niliuliza mume wake alifanya kazi gani. Akasema, «Plantoni.»

Sikutaka kwenda. Nikaenda.

Mama mdogo alitupokea kama wageni wote, akampa mjane kiti. Akamwuliza jina la mume, la baba wa mume, la mama wa mume, la kijiji. Akaenda kwenye kabati ya chuma, akarudi na dosye ya rangi ya udongo, akaifungua, akaanza kupanga karatasi mezani moja moja. Jina lilikuwa lile. Barua ya kuajiriwa ilikuwa ya mwaka 1987, imeliwa na mende pembeni. Watoto watano, kila mmoja na hati yake. Kisha nikaona barua mbili za kutangaza kifo chake kwa divizyon ya jimbo. Ya kwanza ilikuwa ya Machi 2014, haina muhuri wa kupokelewa. Iliandikwa, ikalala katika meza ya mtu fulani, nami nadhani najua meza ya nani. Ya pili ilikuwa na muhuri. Nilisoma tarehe yake. Ilikuwa asubuhi ya kesho yake, baada ya jioni ile ya maharagwe. Aliipeleka mwenyewe kwa mkono wake.

Kama angenyamaza, yule plantoni angekuwa hai katika vitabu vya Leta, akipokea mshahara kila mwezi kwa picha yangu. Na mke wa mtu aliye hai si mjane. Angeleta hati ya kifo, angeambiwa ni ya uongo. Mjane alikuwa ameketi karibu nami, akishika kikapu chake, akinishukuru kwa Kiswahili na kwa Kiluba kwa kumsindikiza.

Mama mdogo aliniona nikisoma ile tarehe. Akangoja kidogo. Kisha akanisukumia karatasi zote. «Mwalimu, zihesabu. Ziwe 11.» Zilikuwa 11.

Tangu hapo nimejaribu mara mbili kumwomba msamaha kwa maneno. Mara zote mbili alibadili habari, mara ya pili akaniuliza bei ya saruji. Mjane alipata sehemu ya haki zake mwaka 2021, si zote, akaezeka mabati mapya. Kwa zilizobaki angali anaandika, nami namwandikia. Karani yule angali kazini.

Mwaka 2024 Mama mdogo alistaafu, akiwa na miaka 65 ya kuzaliwa na 40 ya kazi. Mwaka ule ule, Aprili, Judith Suminwa aliwekwa kuwa waziri mkuu, mwanamke wa kwanza Kongo. Katika komini walikunywa soda kwa mambo yote mawili. Wazee wengi wa Leta huogopa kustaafu, hung'ang'ania kiti hata macho yasipoona tena, kwa sababu anayetoka hajui atalipwa lini. Yeye alitoka siku yake. Mahali pake amewekwa kijana mmoja mwanaume, mwenye akili, naye huja kwake Jumamosi kuuliza mambo. Karatasi zake mwenyewe za pensheni ameziweka katika dosye, nakala tatu, pamoja na ile barua ya mume wake ya mwaka 1984, ingawa hakuna anayeidai tena. Bado hajalipwa. Mama yangu ndiye anayemsindikiza kwenda kuuliza. Hupanda basi pamoja, na njiani mama huwalaumu wakubwa wa Leta kwa sauti ambayo basi lote lasikia.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwonyesha kitabu changu cha wakatekumeni, kabla ya kukipeleka kwa Padri. Nilijivuna kidogo, maana mwandiko wangu ni mzuri. Alivaa miwani, akapita majina yote 43 kwa kidole. Penye la 29 akasimama. Ukurasa wa kwanza nilikuwa nimeandika jina la mtoto mmoja kwa herufi moja, ukurasa wa tatu kwa nyingine. Nikasema, «Mama mdogo, ni mtoto yule yule, namjua, anakaa nyuma ya kisima.»

«Jina la baba yake?»

Nikalitaja.

«La mama?»

Sikulijua. Akafunga kitabu, akanirudishia, akasema jua bado liko juu, nami niende kisimani nikaulize.